Gaynor Anamtafutia Faye Shule

Gaynor Threlfall hakuwa mtu wa kanisa na wala hakujifanya, na kwa hilo peke yake nilimpenda tangu Jumapili ya kwanza. Alifika mlangoni kalowa chapachapa, kamshika mkono binti yake Faye, wakati huo mtoto ana miaka minane. Nikampa kitabu cha nyimbo kama ninavyompa kila anayeingia, maana hiyo ndiyo kazi yangu pale mlangoni. Hakukifungua. Alinitazama usoni akaniuliza, "Bi Winifred, si wewe uliyekuwa ukipika Mtakatifu Wulfric?"

"Ni mimi. Kwani niliwahi kukulisha?"

"Hukunilisha. Hilo ndilo linaloniuma."

Nikajua kilichomleta. Hapa Clitherbeck, mji wetu wa kaskazini mwa Uingereza, hakuna asiyeijua habari hii. Mtakatifu Wulfric ni sekondari ya kanisa, lakini ni ya serikali vilevile, haina ada, na kila mzazi anaitolea macho. Nusu ya nafasi wanapewa wanaokaa karibu na geti. Nusu nyingine ni za watoto wa watu wa ibada, na mtu wa ibada ni yule ambaye kasisi wake ametia sahihi kwamba amehudhuria angalau mara mbili kwa mwezi, miaka miwili mfululizo, kabla ya Oktoba ya kuomba nafasi. Ndiyo maana kanisani kwetu wazazi huokoka mtoto akifika miaka minane, na imani huwaishia siku karatasi ikishatiwa sahihi. Sisi tunawaita mbayuwayu. Wanakuja kwa msimu, wanajaza mabenchi ya nyuma, wanaimba kwa kubabaisha, halafu Novemba unageuka hawapo. Tunawachekea usoni na kuwateta wakishatoka. Kwa hiyo mtu mgeni akiingia na mtoto wa rika lile hatumwulizi anatafuta nini, kwa kuwa tunajua.

Gaynor alikuwa na sababu yake ya ziada. Alipokuwa mdogo, mama yake alikataa katakata kukanyaga kanisani, akasema hatapiga magoti kwa ajili ya koti la shule. Basi Gaynor akapelekwa shule ya Mferejini, kule chini kwenye mfereji wa majahazi ya makaa, ambako siku hizo dari lilikuwa likivuja na walimu wakibadilika kila muhula. Binti wa nyumba ya pili, Michelle, akapata Wulfric. Kila jioni Michelle alikuwa akija kukaa ukutani na kumsimulia: leo tumepasua jicho la ng'ombe, leo kwaya imekwenda Durham kwa basi, leo mwalimu mkuu kaniita kwa jina. Gaynor aliyasikiliza yote hayo miaka mitano, na kila neno lilimwingia kama mchanga kwenye kiatu. Alipomzaa Faye aliapa mtoto huyu hatakaa ukutani kusimuliwa na mtu.

Nami sijapata kuona mtu aliyeichunguza shule namna ile. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari, na nusu ya wanafunzi wake walikuwa vijana wakubwa wa Wulfric. Alikuwa akiwahoji huku wameshika usukani. "Tazama kioo, washa taa ya kushoto, haya, niambie, ukikwama kwenye hesabu mwalimu wako anafanyaje?" Wengine walifeli mtihani wa barabarani na nadhani ni kwa sababu yake. Saa ya watoto kutoka, aliegesha gari mbele ya geti aone mtoto akiangusha vitabu nani atamsaidia kuokota. Aliisoma ripoti ya wakaguzi mpaka ikachakaa. Halafu akaja kwangu, akakaa jikoni, akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza miaka yote niliyopika pale. Mtoto asiye na rafiki anakula wapi? Mwalimu akija kula, anakaa na watoto au anachukua sahani anakimbia?

Nilimjibu bila kupamba. Nikamwambia walimu wa pale wanawajua watoto kwa majina, hilo ni kweli. Masomo ya sayansi ni mazuri, na mtoto mpole haonewi sana. Nikamwambia pia kwamba kile kijia cha karibu na jimu ni cha kusukumana, kwamba vyoo vya wasichana hufungwa vipindi vikianza, na kwamba Bwana Lister, mwalimu mkuu, anaipenda sauti yake kuliko redio. Akayaweka yote kichwani. Ikafika mahali wazazi wengine wakawa wanamngoja nje ya duka la mikate wamwulize Wulfric ikoje, naye anawaeleza, ingawa hakuwaeleza yote. Mazuri mengine aliyafungia mdomo, wasije wakaongezeka kwenye foleni.

Mwaka wa kwanza alikaa benchini kila Jumapili bila kukosa, uso umemkunjamana kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari wa meno. Kasisi wetu, Kasisi Hester, ni mwanamke mrefu mwenye miguu mikubwa na ukweli wa kuudhi. Makanisa mengine yana daftari la kutia sahihi mlangoni, yeye hataki. Anatazama mabenchi wakati wa mahubiri, basi, na uso akishauona hausahau.

Halafu akaja Pippa.

Jina lake kamili ni Philippa Ashcombe, lakini alitaka tumwite Pippa, na kabla ya mwezi kuisha kila mtu alikuwa akimwita Pippa kama walikua naye. Walihamia kutoka kusini, yeye na mumewe daktari na binti yao Cosima, rika moja na Faye, darasa moja na Faye. Jumapili ya pili tu akaombwa asome somo. Jumapili ya tatu akaja na keki ya limau. Keki yangu ya tangawizi imeliwa ukumbini pale tangu makasisi watatu waliopita, lakini siku hiyo nilirudi nayo nyumbani nzima, haijaguswa hata pembeni. Roho iliniuma, na sioni haya kusema.

Lakini yangu ilikuwa cha mtoto. Gaynor ndiye aliyeungua.

"Umemwona?" akaniambia tukiosha vikombe. "Mimi nimekaa pale mwaka mzima mgongo unaniuma, kasisi ananipa mkono kama anampa mkono mpiga kengele. Huyu juzi tu kafika, tayari wanacheka pamoja kwenye ngazi. Wanacheka nini?"

"Sijui. Mimi namwangalia na keki yake."

"Na nyumba yenyewe wamepanga chini kule, mbali na geti la Wulfric. Kwa hiyo atapitia mlango huu huu wa kanisa, Bi Wini, na miaka ya kanisa lao la zamani inahesabiwa. Nafasi za watu wa ibada ni chache. Atachukua ya Faye."

Nikamwambia asiwe na pupa. Lakini moyoni nilimwona ana hoja. Mbayuwayu ni mbayuwayu, hata akija na keki.

Septemba hiyo, ikiwa imebaki mwaka mmoja kabla ya kuomba nafasi, Wulfric wakafungua milango jioni kwa wazazi kuja kuiona shule. Gaynor akanibeba kwa gari lake, eti nimwonyeshe jiko. Tukaingia tu ukumbini, tukamkuta Pippa na Cosima wamesimama na Bwana Lister, na Bwana Lister, mtu asiyenyamaza, yuko kimya anasikiliza. Gaynor akanibana mkono mpaka nikasikia maumivu.

Tukapangwa kundi moja na Pippa. Wa kututembeza alikuwa msichana mkubwa anaitwa Saira, ana beji kifuani na adabu ya kutosha, na sauti ya mtu asiyeogopa wazazi. Akatupitisha maabara, maktaba, chumba cha kushonea. Faye na Cosima walikuwa wameshikana mikono nyuma yetu, wanachekea mifupa ya bandia. Mama zao hawakuwa na habari nao, au angalau Gaynor hakuwa na habari nao.

Gaynor akauliza maswali yake. Vyoo, sasa vinafunguliwa saa ngapi? Mwalimu wa Kifaransa aliyeondoka, kaletwa nani badala yake? Halafu akamwuliza Saira swali alilokuwa akiwauliza vijana wote garini mwake. "Mdogo wangu, niambie kweli. Nani hapendi shule hii?"

Saira akafikiri. "Wanaokaa mbali," akasema. "Wanapanda mabasi mawili. Wanatoka kwao giza, wanarudi giza, na marafiki zao wote wa mtaani wako shule nyingine. Shule yenyewe hawana ugomvi nayo. Wanachoka tu, na wanakuwa wapweke."

Lilikuwa jibu zuri. Gaynor anakaa kule juu kilimani, mabasi mawili kamili. Lakini sidhani kama lilimfika sikioni, kwa sababu wakati ule alikuwa akimtazama Pippa, na Pippa alikuwa amenyanyua mkono.

"Na asubuhi mnaposali," Pippa akauliza, "mnasali kweli? Au mnamaliza tu?"

Saira akatabasamu. "Mimi ni Mwislamu, mama, kwa hiyo nakaa kimya na nafikiri mambo yangu. Wenzangu wengi wanangoja iishe."

"Ahsante kwa kunijibu kweli," Pippa akasema, na uso ukamshuka kidogo.

Tuliporudi garini Gaynor hata injini hakuiwasha. "Umesikia swali lile? Mnasali kweli? Lister alikuwa nyuma yetu pale, anasikia kila kitu. Mtu huyu hafanyi jambo bure. Mimi nauliza vyoo kama mfagizi, yeye anauliza sala."

"Kaliuliza vizuri lakini," nikasema.

"Usiniudhi, Bi Wini."

Kwenye kiti cha nyuma Faye akasema Cosima ana mbwa mwenye miguu mitatu na kwamba Jumamosi amealikwa kwenda kumwona. Mama yake akamwambia avae mkanda.

Ndipo likaja suala la chai. Kwetu baada ya ibada kuna chai ukumbini, na wanaoipika hushika zamu. Pippa alikuwa amejiandikisha zamu nyingi kuliko sisi wote, na Jumapili moja Kasisi Hester akasimama mbele ya kusanyiko akamshukuru kwa jina, watu wakapiga makofi. Gaynor alipiga makofi pia, lakini vidole vyake havikugusana. Baada ya hapo akamfuata Pippa jikoni, mimi nikiwepo, akamvua aproni kwa mikono yake.

"Pumzika, shoga," akamwambia kwa sauti ya asali. "Umefanya kazi ya kutosha. Kuanzia leo chai niachie mimi. Zote."

"Kila Jumapili? Gaynor, utachoka."

"Sichoki. Wewe kaa ibadani, ufaidi."

Pippa akamkumbatia. Nakumbuka akasema, "Hujui umenifanyia jambo kubwa kiasi gani," na Gaynor akanikonyeza juu ya bega lake, kana kwamba tumemnyang'anya kitu.

Sasa, jiko letu haliko ndani ya kanisa. Liko ukumbini, ng'ambo ya makaburi, na lile birika kubwa la umeme ni zee. Linataka ibada nzima ndipo lichemke, na usipolisimamia linamwaga maji sakafuni. Kwa hiyo anayepika chai haingii ibadani. Zamani tulikuwa tukipokezana, kila mtu akikosa mara moja moja. Gaynor alizikosa karibu zote. Wimbo wa kwanza ukianza yeye anapanga visahani. Mahubiri yakiendelea yeye anakata keki, tena keki yangu ya tangawizi ameirudisha katikati ya meza, ile ya limau ameisogeza nyuma ya maua. Sikumlalamikia hata kidogo. Faye na Cosima walikuwa chumba cha pili na watoto wa shule ya Jumapili, vicheko vyao vinasikika mpaka jikoni. Watu walipotoka ibadani na baridi ya Lancashire imewakaba, walimkuta Gaynor mlangoni na chai ya moto, na kasisi alikuwa wa kwanza kupewa.

"Ananiona sasa," Gaynor alikuwa akiniambia. "Kila Jumapili ananiona, kikombe mkononi."

Kama miezi minne hivi baadaye Kasisi Hester akamwambia, tena kwa upole, "Gaynor, tunakukosa kule ndani. Njoo ukae nasi. Chai inaweza kusubiri."

Angekuwa mtu mwingine angeelewa. Gaynor alibetua midomo, akangoja kasisi aondoke, akanigeukia. "Umemsikia? Katumwa. Pippa anataka jiko lake. Ameona nimempita."

"Labda kasisi anataka uingie ibadani tu."

"Bi Wini, wewe una roho safi mno."

Hakuna aliyewahi kunitukana hivyo kabla ya siku ile. Nikarudi kufuta visahani, na keki yangu ikaendelea kuliwa.

Oktoba ikafika. Wale mbayuwayu walipanga mstari baada ya ibada, kila mtu na karatasi yake ya shule, na kasisi akawatia sahihi mmoja mmoja. Gaynor hakupanga mstari. Alingoja Kasisi Hester aje jikoni kwa kikombe chake cha pili, akafuta mikono, akaitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mezani kati ya maziwa na sukari.

Kasisi akaisoma. Akaweka kikombe chini. "Gaynor, siwezi kuandika hivi."

"Huwezi kuandika nini?"

"Wanauliza ibada. Mwaka wa kwanza nilikuona kila Jumapili, hilo nitaliandika kwa furaha. Mwaka huu nimekuona Krismasi na Pasaka."

Gaynor akacheka kidogo, akidhani anataniwa. "Nimekuwepo hapa kila Jumapili. Umekunywa chai yangu kila Jumapili, vikombe viwili, na kila mara unasema huweki sukari halafu unaweka."

"Nimekunywa, na nakushukuru. Lakini hapa ni jikoni."

"Jikoni kwa nani? Si kwa kanisa?"

"Kwa kanisa. Ila hawakuuliza nani alipika chai. Wameuliza nani alihudhuria ibada, na chini yake natia jina langu." Kasisi alikuwa ameshika ukingo wa meza, na niliona hilo halikuwa jepesi kwake. "Nilikuomba uingie. Nilikuomba mara mbili."

"Ulitumwa," Gaynor akasema. Sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Mtoto wangu atakosa shule kwa sababu nilikupikia chai. Na ya Pippa umetia sahihi, bila shaka. Yeye alikuwa amekaa mbele pale anapendeza."

"Ya Pippa ipi?"

"Usinichezee, Kasisi. Karatasi ya Cosima."

"Pippa hajaniletea karatasi yoyote. Cosima anakwenda Mferejini. Nilidhani unajua. Faye hajakwambia?"

Birika lilikuwa linanguruma. Gaynor akaenda kulizima, akarudi.

"Basi anakuja hapa kufanya nini?"

Kasisi Hester akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Anakuja kusali, Gaynor."

Nilikuwa nimesimama pale na sinia la vikombe vichafu, na naapa wazo hilo halikuwa limenipitia kichwani hata siku moja. Nimemwona mwanamke yule akiingia kanisani Jumapili baada ya Jumapili, nimempa kitabu cha nyimbo kwa mkono wangu, na sikuwahi kufikiri kwamba amekuja kusali. Mtu mwenye mtoto wa miaka tisa? Nilikuwa namhesabia miezi.

Na kama vile mambo hayajatosha, Pippa mwenyewe akaingia amebeba visahani, hana hili wala lile. Gaynor akamgeukia. "Kwa nini hukuomba Wulfric?"

Pippa akatutazama sote watatu. "Ni shule nzuri sana," akasema polepole. "Kama tungekaa karibu ningeipenda. Lakini nilikusikiliza wewe siku ile."

"Mimi?"

"Ulimwuliza yule msichana nani hapendi shule hii. Nilirudi nyumbani nikalifikiria jibu lake wiki nzima. Mabasi mawili, giza kwenda, giza kurudi. Mferejini sasa wana mwalimu mkuu mpya, dari wamejenga upya, na Cosima atatembea kwa miguu. Kusali, tuna kanisa. Lilikuwa swali bora kuliko yote, Gaynor. Mimi nisingelijua kuliuliza."

Akaweka visahani, akamshika bega, akatoka. Nadhani alihisi kuna jambo lakini hakujua ni lipi. Gaynor alibaki anatazama mlango. Mimi nilitamani atupe kitu, ili iwe imekwisha.

Kasisi aliandika ukweli kwenye karatasi: mwaka mmoja ibadani, mwaka mmoja jikoni kwa moyo mkunjufu. Akaongeza maneno mazuri chini yake, mengi, mpaka nafasi ikamwishia. Wulfric walisoma yote, na mwezi wa Machi, siku watoto wote wa nchi nzima wanapojulishwa shule zao, jibu likaja. Faye amekosa. Amepangiwa Mferejini.

Gaynor alikuja kwangu asubuhi ileile, bado ana kibao chenye herufi nyekundu ya L, cha mwanafunzi wa udereva, mkononi, alikuwa amekibandua garini akasahau kukiweka chini. Nikamkalisha, nikampa chai, na kwa mara ya kwanza akaikataa.

"Unajua alifanya nini nilipomwambia?" akasema. "Alipiga kelele. Nikadhani analia. Kumbe anashangilia. Akakimbia kwenda kumpigia simu Cosima. Akaniambia, mama, nilikuwa naomba kila siku wanikatae."

"Aliomba kanisani?"

"Huko huko chumba cha watoto, nilipokuwa napika chai. Wote wawili, yeye na Cosima, wamefumba macho wanaomba Faye akose." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Bi Wini, nilimwuliza mwalimu mkuu. Nilikuuliza wewe. Niliwauliza vijana wangu mpaka wakagonga nguzo. Yeye sikumwuliza."

Nikamwambia Mferejini siku hizi si ile ya zamani, na kwamba mpishi wao ni mpwa wangu na anajua kupika viazi. Akasema anajua, ameshauliza.

Jumapili iliyofuata nilisimama mlangoni kama kawaida. Mbayuwayu wote walikuwa wamekwisha kuruka, mabenchi ya nyuma yako wazi, na mimi sikumtarajia Gaynor. Angekuja kufanya nini? Chai ilikuwa imerudi kwenye zamu, na siku hiyo ilikuwa ya mzee Duckworth. Lakini alikuja, peke yake, akapita bila kunisalimu, akaenda kukaa upande wa kushoto, mahali ambapo mtu akikaa anaweza kuuona uso wa Pippa kwa upande.

Wakati wa sala tuliinamisha vichwa. Mimi nilichungulia. Pippa alikuwa ametulia tuli, mikono imelala mapajani, uso umelegea, hana haraka ya kumaliza na wala hajui kama kuna mtu anamtazama. Gaynor alikuwa macho wazi, anamtazama yeye tu, midomo imebana, mpaka tuliposema amina.

Watu walipokwenda kwenye chai hakuinuka. Nikamwendea. "Sasa unataka nini tena kwake? Jiko alikuachia. Shule hakuitaka."

"Nataka kile," akasema.

"Kipi?"

"Sijui. Kile alichokuwa nacho pale, tulipokuwa tumeinama." Machozi yalikuwa yamemjaa, na yalikuwa ya hasira. "Mimi nimekaa humu mwaka mzima nangoja iishe. Yeye alikuwa anakipata tangu afike, benchi mbili mbele yangu, bure. Namwonea wivu, Bi Wini. Sijawahi kumwonea mtu wivu hivi, hata Michelle."

Nikamwambia asogee, nikakaa karibu naye. Mimi nimegawa vitabu kwenye mlango ule zaidi ya nusu ya maisha yangu, na wakati wa sala nilikuwa namtazama Pippa vilevile.